Habari Ihakikiwe Kama Pesa: Somo la Mwalimu kwa Wazazi na Wanafunzi

Zamani mwalimu ndiye aliyekuwa mlango wa habari kijijini. Barua ya serikali ilisomwa na mwalimu, fomu ilijazwa na mwalimu, na mtoto aliyetaka kujua jambo lolote lililo nje ya kijiji alisubiri mwalimu aingie darasani. Leo mwanafunzi hufika shuleni akiwa ameshaona jibu kwenye simu ya mzazi, na tangazo la shule huzunguka katika kundi la WhatsApp kabla mwalimu mkuu hajalisoma.

Mwalimu hajapoteza kazi. Kazi yake imebadilika. Mwanzoni shida ya mwanafunzi ilikuwa kukosa habari. Sasa shida yake ni kuzipata nyingi mno bila kujua ipi aishike na ipi aiache. Somo hili linaangalia teknolojia na habari kwa jicho la mwalimu, darasani na nyumbani.

Kufikia mwisho wa somo, msomaji aweze:
- kutofautisha takwimu, habari na maarifa;
- kuhakiki ujumbe kabla ya kuuamini au kuusambaza;
- kumwongoza mtoto atumie simu na akili unde kwa manufaa;
- kulinda taarifa za mtoto mtandaoni;
- kuomba habari kutoka ofisi ya umma kwa njia ya sheria.

Teknolojia si mgeni darasani

Chaki na ubao ni teknolojia. Kitabu ni teknolojia. Wakazi wenye umri mkubwa wanakumbuka vipindi vya redio vya shule: darasa zima likiwa kimya, mwalimu akiwa na kitabu cha mwongozo mkononi, na kipindi kikiisha anauliza maswali. Redio ilileta sauti, lakini ni mwalimu aliyejua kama darasa limeelewa.

Mwaka wa 2016 serikali ya kitaifa ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma, kwa kuanza na wanafunzi wa Darasa la Kwanza. Mtaala Unaozingatia Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, uliweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi 7 wa msingi. Katika orodha hiyo hiyo upo uwazaji kina na utatuzi wa matatizo. Mwalimu makini huwa hatenganishi mambo hayo mawili. Mtoto anayejua kubonyeza lakini hajui kupima anachokiona amepata nusu ya ujuzi.

Jaribio kubwa lilikuja Machi 2020, shule zote zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, ilipeleka masomo kwa redio, televisheni na mtandao. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi shuleni Oktoba 2020, na wengine Januari 2021. Masomo yalipita hewani kila siku, lakini mtoto aliyefaidika zaidi ni yule aliyekuwa na mtu mzima kando yake wa kumwuliza, "Umeelewa nini?" Swali hilo halihitaji bando wala umeme.

Takwimu, habari na maarifa

Chukulia darasa la Gredi ya 6 ambalo mwalimu amewapa wanafunzi swali moja: Kenya ina watu wangapi? Kesho yake wanafunzi watatu wanaleta majibu matatu. Wa kwanza amesoma katika kitabu cha zamani cha kakake: milioni 28.7. Wa pili ametafuta mtandaoni: milioni 38.6. Wa tatu ameuliza mzazi, naye akatafuta kwenye simu: milioni 47.6.

Nani amekosea? Mwalimu asiye na subira atatia alama ya mkasi kwenye majibu mawili na kuendelea. Mwalimu mwenye subira atauliza swali la pili: kila nambari ilihesabiwa lini? Hapo darasa linagundua kwamba nambari zote tatu ni za kweli, kila moja kwa wakati wake. Ya kwanza ni ya sensa ya 1999, ya pili ni ya sensa ya 2009, na ya tatu ni ya sensa ya 2019. Mwanafunzi wa nne akija na nambari kubwa zaidi, huenda ameleta makadirio yaliyotolewa baada ya sensa. Makadirio nayo si uongo, ila si sensa.

Katika mfano huu, nambari pekee ni takwimu. Nambari ikiambatana na mwaka wake na jina la aliyehesabu, imekuwa habari. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini nambari zinatofautiana, na kwamba idadi ya watu iliongezeka kwa takriban milioni 9 kati ya 2009 na 2019, kisha akauliza ongezeko hilo lina maana gani kwa madarasa, maji na hospitali, hayo sasa ni maarifa. Simu inaweza kumpa mtoto takwimu kwa sekunde chache. Maarifa huchukua muda zaidi, na mara nyingi huhitaji mtu wa kuzungumza naye.

Mfano huu una funzo jingine. Jibu lililopitwa na wakati zaidi lilitoka kitabuni. Kitabu kina heshima yake, kwa kuwa kimepitia mikono ya wahariri, lakini nacho kina tarehe ya kuchapishwa, na mwanafunzi afundishwe kuitafuta.

Ujumbe wa kweli unaopotosha

Watu wengi hudhani hatari ya mtandao ni uongo peke yake. Ujumbe wa kweli nao unaweza kumpotosha mzazi ukifika ukiwa umechelewa.

Mwaka wa 2024, wakati wa mvua kubwa na mafuriko, shule zilitarajiwa kufunguliwa kwa muhula wa pili tarehe 29 Aprili. Tarehe hiyo ikasogezwa hadi 6 Mei. Kabla ya 6 Mei kufika, ufunguzi ukaahirishwa bila tarehe maalum. Hatimaye shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kila tangazo lilikuwa la kweli siku lilipotolewa. Mzazi aliyepokea tangazo la kwanza siku ya tatu, likiwa limesambazwa na jirani mwenye nia njema, angeweza kumpandisha mtoto gari na kulipa nauli hadi kwenye lango lililofungwa, tena katika msimu ambao barabara na madaraja yalikuwa yamesombwa.

Ndiyo maana walimu husisitiza tarehe. Picha ya mafuriko ya miaka iliyopita ikirudishwa mtandaoni leo huonekana kama ya leo. Tangazo la kazi lililofungwa mwaka jana huendelea kuzunguka na kuwapotezea vijana nauli. Methali husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtandaoni, lisemwalo huenda lilikuwepo na limeshapita.

Somo ambalo mama wa sokoni anajua tayari

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, Wakenya wamejifunza kuhakiki ujumbe bila kwenda shule. Mama anayeuza mboga sokoni hamkabidhi mteja bidhaa kwa sababu tu mteja amemwonyesha kioo cha simu na kusema, "Nimeshatuma." Husubiri ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe. Ukiingia, hutazama jina la aliyetuma, kiasi, na salio. Salio lisipopanda, hajalipwa, hata ujumbe ukiwa umeandikwa vizuri namna gani.

Mama huyo huyo, jioni, anaweza kupokea ujumbe kuhusu dawa ya mtoto, basari au mtihani, na akausambaza kwa makundi matano bila kuusoma mara ya pili. Uwezo wa kuhakiki anao. Hajauhamisha tu kutoka kwenye pesa kwenda kwenye habari. Kazi ya somo hili ni kumsaidia kuuhamisha.

Mwalimu anaweza kuyageuza mazoea ya sokoni kuwa maswali manne ya darasani:

1. Nani amesema? Si nani aliyeusambaza, bali nani aliyeutoa. Shangazi aliyetuma ujumbe ni mwaminifu, lakini huenda naye hajui ulikotoka. Hii ni sawa na kutazama jina la aliyetuma pesa.
2. Lini? Ujumbe usio na tarehe haufai kufuatwa hadi tarehe yake ijulikane.
3. Amejuaje? Je, kuna barua rasmi, ofisi, au mtu aliyekuwepo? Maneno kama "wataalamu wanasema" bila jina la mtaalamu hayatoshi.
4. Anataka nifanye nini? Ujumbe unaohimiza kutuma pesa, kutoa nambari ya siri, au kusambaza haraka "kabla haujafutwa" unastahili shaka mara mbili.

Mfano wa basari

Jaribu maswali hayo kwa ujumbe huu wa kubuni, unaofanana na nyingi zinazozunguka msimu wa kulipa karo: "Hongera! Mwanao amechaguliwa kupata basari ya shilingi 30,000. Nafasi zimebaki 12. Tuma shilingi 350 za usajili na nambari ya kitambulisho kabla ya saa kumi leo."

Nani amesema? Hakuna ofisi iliyotajwa. Lini? "Leo", ambayo ni leo kila siku ujumbe unaposomwa. Amejuaje? Hautaji jina la mtoto wala shule, na mzazi hakumbuki kujaza fomu yoyote. Anataka nini? Pesa na kitambulisho, kwa haraka. Ujumbe umeanguka maswali yote manne.

Shilingi 350 zinaweza kuonekana kidogo. Lakini kwa mzazi anayekusanya karo ya mtoto anayejiunga na Gredi ya 10, kiasi hicho ni chakula cha siku nzima, na nambari ya kitambulisho iliyotolewa haiwezi kurudishwa. Tapeli naye hahitaji kila mtu aamini. Akituma kwa maelfu, wachache wanamtosha.

Mzazi anayepata ujumbe kama huo afike katika ofisi ya wadi, ya chifu au shuleni aulize. Ujumbe wa utapeli unaweza kuripotiwa kwa kampuni ya simu. Wateja wa Safaricom huutuma kwa nambari 333 bila malipo. Hali ni hiyo hiyo kwa watu wanaouza mtandaoni karatasi zinazodaiwa kuwa za mtihani wa kitaifa. Mwanafunzi anayenunua hupoteza pesa, hupoteza usiku aliopaswa kudurusu, na hujiweka katika hatari ya kuadhibiwa kwa udanganyifu.

Kazi ya nyumbani na akili unde

Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, imeingia nyumbani kupitia simu. Mwanafunzi huandika swali na kupata insha nzima kwa dakika moja. Baadhi ya wazazi hufurahi, wengine huogopa. Kabla ya yote mawili, ni vyema kujua jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi.

Programu za namna hii zimelishwa maandishi mengi sana, na kutokana nayo zimejifunza ni maneno gani huelekea kufuatana. Zinapojibu, hupanga maneno yanayoelekea kufaa. Hazina macho ya kwenda kuona, na zinaweza kutoa jibu lenye kosa kwa sauti ile ile ya kujiamini inayotumika kwa jibu sahihi. Huweza kutaja kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, au sheria isiyokuwepo. Ufasaha wa lugha si ushahidi wa ukweli, iwe kwa mashine au kwa mwanadamu.

Hilo halimaanishi mtoto azuiwe kabisa. Mwanafunzi aliyekwama kwenye hesabu anaweza kuiomba programu imweleze hatua moja moja, kisha ajaribu swali jingine la aina hiyo kwa penseli na karatasi bila msaada. Anayejiandaa kwa mtihani anaweza kuomba maswali ya mazoezi na kulinganisha majibu na kitabu chake cha kiada. Tatizo huanza pale mashine inapofanya kazi ambayo ilikusudiwa kuukomaza ubongo wa mtoto. Insha hairudishwi kwa mwalimu kwa sababu mwalimu anahitaji insha. Mwalimu anataka kujua mtoto anavyofikiri.

Njia rahisi ya kupima ni mdomo. Mzazi amwombe mtoto afunge daftari na simu, aeleze alichoandika kwa maneno yake kwa dakika mbili. Mzazi hahitaji kuwa amesoma sana ili kufanya hivyo. Mtoto aliyeelewa hueleza, hata kwa lugha ya mama. Aliyenakili hurudia sentensi ya kwanza na kunyamaza.

Asiye na simu asiachwe nyuma

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba miongoni mwa watu wa umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi, asilimia 22.6 walitumia intaneti, na asilimia 10.4 walitumia kompyuta. Hali inaendelea kubadilika, lakini nambari hizo zinafaa kumkumbusha kila mwalimu kwamba kazi inayohitaji intaneti ni kazi ambayo baadhi ya wanafunzi hawawezi kuifanya nyumbani. Mara nyingi simu iko moja, ni ya mzazi, na inarudi nyumbani usiku ikiwa haina chaji.

Mwalimu anaweza kupanga kazi kwa vikundi ili wenye simu wawasaidie wasio nazo, kuruhusu kishikwambi cha shule kitumike baada ya masomo chini ya usimamizi, au kutoa kazi ambayo chanzo chake ni watu: kumhoji nyanya kuhusu mazao ya zamani, kuhesabu magari yanayopita sokoni kwa nusu saa, kupima mvua kwa mkebe. Mtoto anayekusanya takwimu zake mwenyewe hujifunza jambo ambalo mtandao haufundishi kwa urahisi: kwamba nyuma ya kila nambari kuna mtu aliyehesabu, na mtu huyo anaweza kukosea.

Katika elimu ya chekechea, ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi serikali za kaunti, kioo hakipaswi kuwa mlezi. Mtoto wa miaka minne hujifunza kwa mikono, nyimbo, mchanga na maongezi.

Taarifa za mtoto ni mali yake

Fomu ya matokeo ikipigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao, hubeba jina kamili la mtoto, shule yake, na wakati mwingine nambari yake ya usajili. Picha ya mtoto akiwa na sare humwambia mtu mbaya mahali pa kumsubiri. Mzazi mwenye furaha hafikirii hayo, na mwalimu anayetuma alama za darasa zima katika kundi la wazazi hafikirii aibu ya mtoto aliyeshika mkia.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kwa kawaida hutaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za kibinafsi za mtoto kutumiwa. Shule itume matokeo kwa kila mzazi peke yake, na mzazi aulizwe kabla ya picha ya mwanawe kuwekwa hadharani. Mtoto anayetishwa au kudhulumiwa, iwe mtandaoni au nje ya mtandao, anaweza kusaidiwa kupitia nambari ya bure ya 116.

Kuuliza si ujinga, tena ni haki

Kuhakiki kunahitaji mahali pa kuhakikia. Kwa habari za afya, yupo mhudumu wa afya ya jamii na zahanati iliyo karibu. Kwa dawa za mimea na mifugo, yupo afisa wa kilimo, pamoja na maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa, ambayo yanashinda video iliyorekodiwa katika nchi nyingine. Kwa mambo ya shule, yupo mwalimu mkuu.

Kwa habari zilizo katika ofisi za umma, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuzipata. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, anapaswa kusaidiwa na afisa kuliwasilisha. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Kinachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Afisa anapaswa kuamua ndani ya siku 21, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Asiyeridhika anaweza kupeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala. Zipo habari ambazo sheria inaruhusu zisitolewe, kama zile za usalama wa taifa au faragha ya mtu mwingine.

Mkazi anayetumia haki hii hukata mizizi ya uvumi. Badala ya kubishana sokoni kuhusu lini darasa la chekechea litakamilika, huandika barua na kurudi na jibu lenye tarehe na jina la ofisi.

Mazoezi ya nyumbani

1. Chagua ujumbe mmoja uliosambazwa katika kundi lako wiki hii. Upitishe katika maswali manne. Umefaulu mangapi?
2. Pamoja na mtoto, tafuteni jibu la swali moja kutoka vyanzo viwili tofauti. Yakitofautiana, tafuteni tarehe ya kila jibu.
3. Mwombe mtoto aeleze kwa dakika mbili kazi ya jana bila daftari.
4. Fungua simu yako na uhesabu picha za watoto ulizoweka hadharani. Zipi zinaonyesha jina au sare ya shule?
5. Andika swali moja ambalo ungependa ofisi ya umma ikujibu, na uliandike kama ombi rasmi.

Anayetaka kuanza na jambo moja tu, aanze na hili: ujumbe usiomjibu "nani" na "lini" ubaki kwenye simu yake hadi apate majibu. Asiusambaze.